Gego la mwisho likishang'olewa, shavu huvimba zaidi siku ya pili na ya tatu

Mgonjwa hutoka kwa daktari wa meno shavu likiwa karibu kama kawaida, akadhani ameponea. Gego la chini, hasa lililokatiwa ufizi na kuchongewa mfupa, huvimba taratibu mpaka kufika kilele kati ya saa 48 na 72. Kwa hiyo uvimbe huzuiwa siku ile ile ya upasuaji, kabla hujauona kwenye kioo.

Ng'ata gozi (kitambaa cha pamba cha kuzuia damu) dakika 30 hadi 60 bila kuitoa kuchungulia. Mate yenye rangi ya damu mpaka kesho yake ni kawaida. Barafu ifunge kwenye kitambaa (pakiti ya maziwa iliyoganda nayo hulalia shavu vizuri sana), weka dakika 15 hadi 20, pumzisha muda kama huo, urudie. Usiku lalia mito miwili. Zikipita saa 48, barafu haina kazi tena. Kanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu ili taya lililokaza lilegee.

Dawa ya kwanza imezwe kabla ganzi haijaisha, kwa sababu maumivu yakishapanda kuyashusha ni kazi. Kwa mtu mzima asiye na tatizo jingine, ibuprofeni miligramu 400 baada ya kula, kila saa 8, pamoja na parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500 kila saa 6, visizidi 8 kwa siku. Hizi mbili hufanya kazi kwa njia tofauti, ndiyo maana huenda pamoja. Kosa la kila siku ni kuongeza na diklofenaki: hiyo ni ndugu wa ibuprofeni, na tumbo ndilo linaloumia. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, mimba, pumu inayoamshwa na asprini, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, asiiguse ibuprofeni kabla ya kumuuliza daktari. Na asprini haiwekwi juu ya ufizi, inauunguza.

Ndani ya tundu la jino kuna bonge la damu linalofunika mfupa. Likichomoka, siku ya 3 hadi ya 5 huja maumivu makali yanayopanda sikioni, na kinywa kinanuka. Linachomolewa na mrija, sigara, kutema kwa nguvu, na kusukutua mapema. Kula uji uliopoa, mtindi na viazi vya kuponda, kwa kijiko. Maji ya chumvi anza baada ya saa 24: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, ugeuzegeuze kichwa, kisha uyaache yadondoke yenyewe kwenye sinki.

Uvimbe ukizidi baada ya siku ya tatu, ukipata homa, usaha au damu isiyokatika, rudi kwa daktari. Ukishindwa kumeza au kupumua vizuri, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.