Vile nilirudisha katapila D4 ya zamani mu kazi, hapa Lubumbashi

Batu bananiuliza kila mara juu ya ile katapila ya njano iko mu shamba ya familia ku barabara ya Kipushi, kama niliinunua ya biashara ao ya kukodisha. Hapana. Niliinunua juu nazipenda hizi mashini toka utoto, na nilisikia ba mitraye banakuja kuikata na shalimo bauze chuma kwa kilo. Mashini kama ile kuisha kwa kilo, roho yangu ilikataa.

Ni Caterpillar D4, namba yake inaanza na 7U, maana yake ilitoka Marekani kati ya 1947 na 1959, muji wetu ukiwa bado unaitwa Élisabethville. Moteri ya mazutu silinda 4, na ukihesabu na kisu chake cha kusukuma udongo inapita tani 5. Ilikuwa imesimama miaka mingi, majani imeipita kimo, siti imeoza yote. Lakini mwenye shamba alikuwa amefunika bomba ya moshi na kopo ya nyanya toka siku ile baliisimamisha, na hiyo kopo njo iliokoa moteri, juu mvua ya hapa ikipata bomba wazi inashuka paka ku vali na ku pistoni, kutu inashika, na hapo kazi inakuwa ingine kabisa. Kama unaenda kuangalia katapila ya kununua, angalia bomba mbele ya kuangalia rangi. Na uandikishe karatasi ya kuuziana na mashahidi ba pande mbili, namba ya mashini ndani, juu siku itaanza kutembea batu batakumbuka kama walikuwa na haki juu yake.

Tuliivuta na treyi (mashini ya kuvuta na kamba ya chuma) mpaka ku portechar, ile kamyo ya kubeba mashini nzito, tukaileta karibu na nyumba. Siku hiyo hiyo marafiki balikuja na batri, na bidoni ya mazutu, kila mutu anataka isikike inanguruma. Mimi nilikuwa nimemwita muzee mumoja wa Katuba, alifanya mekanisie ya mashini nzito mu mine maisha yake yote ya kazi, leo iko mu pansiyo. Akazunguka mashini polepole, hakugusa kitu, kisha akaniambia: «Mwana, fungua kwanza chini.» Nikamwambia sawa Papa. Tukaanza kufungua plagi zote za chini, moja moja, bwati ya vitesi, gia za mwisho kushoto na kuume, karteri ya moteri, tangi ya mazutu.

Mafuta inaelea juu ya maji, kwa hiyo ukifungua plagi polepole kitu cha kwanza kutoka njo kinakuambia ukweli. Ku moteri ilitoka mafuta nyeusi tu, tukafurahi. Ku bwati ya vitesi yalitoka maji, mingi, kisha kitu kizito cha rangi ya chai ya maziwa, kisha mafuta. Maji inapita ku kapuchu ya mpira chini ya levye ya vitesi, ule mpira ukipasuka kila mvua inaingia na hakuna mutu anaona. Tukaosha ndani na mazutu, tukamwaga, tukaosha tena mpaka ikatoka safi, na mpira mupya nilikatia ku chembre ya tairi ya kamyo.

Kisha pompi. Hapa niseme kidogo zaidi, juu hapa batu banaumia. Hizi Caterpillar za zamani kila silinda iko na pompi yake ndogo ya mazutu, zote ziko zimepangwa ku mbavu ya moteri, na plonjeri zake (vyuma vidogo vya ndani vinavyosukuma mazutu) zinazungushwa na fimbo moja ya meno, bamekanisie banaiita kremayeri. Fimbo ikisogea upande moja mazutu inaongezeka, ikirudi inapunguka. Sasa kama imeganda upande wa mazutu mingi na wewe unawasha, mbio ya moteri inapanda, inapanda, regilateri (kile kinapima mbio yake) haina nguvu ya kuirudisha, na unaweza kupoteza moteri yote mbele ya macho yako, na mutu akiwa karibu ni hatari kubwa.

Ya kwetu ilikuwa imeganda. Tulitosha pompi moja moja, kila moja mu kitambaa chake na namba ya silinda imeandikwa juu, maana kila moja inapaswa kurudi paka pale ilitoka. Mu mbili, plonjeri zilikuwa zimeshikana na kutu. Muzee akaziweka mu kopo na mazutu safi kuchanganya na mafuta ya bwati otomatiki, akafunika, akaenda kwake. Kila jioni alikuwa anapita, anaichukua mu vidole, anajaribu kuzungusha, vidole tu, bila nyundo bila pensi, ikikataa anairudisha mu kopo. Mimi nilikuwa na haraka lakini nilimwangalia na nikajifunza. Zilipoanza kuzunguka hazikuwa na mukwaruzo hata kidogo, na tulipozirudisha, kremayeri ilikuwa inateremka yenyewe kwa kidole kimoja. Nguvu ingevunja kitu ambacho kukipata leo ni shida kweli.

Kuwasha sasa. Hii mashini haiwashwi na kifungo kama za leo. Iko na moteri ndogo ya esanse ya silinda 2 kando ya moteri kubwa, na kazi yake ni kuzungusha ile kubwa mpaka ipate moto. Waliifikiria muzuri sana: moshi ya ile ndogo inapita karibu na njia ya hewa ya ile kubwa, maji ya radiateri ni yale yale, kwa hiyo wakati ndogo inafanya kazi, kubwa inaanza kupata joto. Asubuhi ya mwezi wa 6 hapa kwetu, na muji uko juu karibu mita 1,200, unaelewa mara moja faida yake. Unavuta kamba, ndogo inashika, unaiacha ipate joto, unaweka levye ya kupunguza presha ya silinda, unaingiza pinyo (gia ndogo) na ambriaji (klachi), moteri kubwa inaanza kuzunguka pole pole bila mazutu, unaangalia manometa ya mafuta mpaka sindano inyanyuke. Hapo tu njo unarudisha presha, na mwisho unafungua mazutu. Ku ile ndogo kazi ilikuwa manyeto, kile kinatoa umeme wa cheche: ilikuwa na unyevu ndani, tuliikausha, tukasafisha vis platine (pointi zake), buji mpya, tangi yake tukaiosha kutu.

Siku ya kuwasha tulitosha filtri ya hewa na mtoto wa dada yangu alisimama karibu ya mudomo wa hewa na ubao mupana, moteri ikikimbia aufunike. Ubao, si mukono, hata siku moja usiweke mukono. Haukuhitajika. Ile kubwa ilikohoa moshi nyeupe mingi, silinda moja, mbili, kisha zote 4, na ikatulia ku ile sauti yake nzito. Muzee alisimama na mukono juu ya kapo, hakusema kitu muda murefu. Nilitoa machozi na sioni haya kusema.

Kutembea ilitembea, lakini kugeuka ilikataa. Katapila inageuka kwa kuachisha nguvu upande moja, na ambriaji za pande zote mbili zilikuwa zimeshikana na kutu, ukivuta levye haibadiliki kitu. Tulifunga levye nyuma na kamba usiku muzima, asubuhi tukapasha mashini, vitesi ya kwanza, mbele nyuma, na kugusa freni ya upande ule ule kidogo kidogo. Upande wa kuume uliachia na mulio, paa! Wa kushoto ulichukua siku zaidi. Batu bengine banakimbilia kufungua nyuma yote, ni kazi kubwa na mara mingi haihitajike.

Gharama ya kweli iko ku shenili, ile minyororo ya kutembelea. Moteri inaweza kukutia moyo, lakini chini njo inakula feza: pini, busi (bomba fupi zinazofunika pini), galeti (roli), meno ya gurudumu la nyuma. Pini na busi zinaisha upande moja tu, kwa hiyo ukizigeuza nusu duara unapata upande mupya na shenili inaishi tena. Inaomba presi kubwa, tulipata garaji moja ya mashini za mine balikubali kutufanyia. Kisha kufunga: unalaza ubao mwepesi juu ya shenili kutoka gurudumu la mbele mpaka galeti ya juu, katikati iwe imelegea sentimeta 3 hivi. Ikikazwa sana inajikula yenyewe, ikilegea sana inatoka, na kurudisha shenili mu matope ya Januari, siombei mutu.

Rangi nimeiacha mwisho na bado haijaisha. Rafiki mumoja alinishauri niipake kijivu juu alisoma Caterpillar za zamani zilikuwa kijivu. Ni kweli, lakini waliacha kijivu mwisho wa 1931, D4 imekuja kisha, hii yangu ilizaliwa njano na itabakia njano.

Leo inafungua njia ya shamba kila mvua ikiisha, na ya majirani pia. Kuitunza si kazi kubwa kama hauruki siku: mazutu ya bidoni inalala usiku muzima mbele ya kuingia mu tangi, maji ibakie chini, udongo mwekundu natosha mu shenili jioni ile ile, juu ukikauka unakazia kila kitu, naiegesha juu ya mbao, naiwasha hata kama hakuna kazi, juu kusimama njo kunaiua. Na kopo ya nyanya ku bomba, kila mara. Sasa hivi jwani (kizuizi cha mafuta) ya gia ya mwisho ya kushoto inatoa mafuta kidogo, pyesi nimeomba Afrika Kusini na namba ya mashini, itapita Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia. Mpaka ifike, napima mafuta ya upande ule kila asubuhi mbele ya kuvuta kamba.