Mapigo ya Zohali na Urefu wa Siku Yake

Sisi wa Malindi tunayajua majukwaa ya San Marco yaliyosimama baharini huko Ngomeni, ambako Waitaliano walirushia setilaiti zao. Shirika la anga la nchi hiyohiyo ndilo lililotoa antena kubwa, yenye kipenyo cha mita 4, ambayo chombo cha Cassini kiliitumia kuleta habari kutoka sayari ya Zohali tangu 2004 hadi 2017. Katika habari hizo zote, mimi hurudia vipimo vya mawimbi ya plazima.

Plazima ni gesi ambayo atomi zake zimepokonywa elektroni. Pale Zohali, sehemu yake kubwa hutokana na maji yanayofoka kutoka mwezi mdogo wa Enceladus. Cassini ilinyoosha antena tatu, kila moja urefu wa mita 10, ili kuhisi mitetemo ya umeme humo. (Miluzi tunayosikilizishwa mtandaoni ni mitetemo hiyo iliyogeuzwa kuwa sauti baadaye.) Plazima ina mtetemo wake wa asili, ambao huongezeka kasi kadiri elektroni zinavyosongamana: elektroni moja katika sentimita moja ya ujazo hutoa mitetemo karibu 9,000 kwa sekunde, na elektroni 100 hutoa karibu 90,000. Kwa hiyo anayelisoma wimbi huwa amezihesabu elektroni.

Fumbo lilikuwa katika mawimbi ya redio. Vyombo vya Voyager, vilivyopita mwaka 1980 na 1981, vilikuta mapigo yanayojirudia kila baada ya saa 10, dakika 39 na sekunde 24, na muda huo ukakubaliwa kuwa siku ya Zohali. Cassini ilipofika ikakuta takriban saa 10 na dakika 45. Sayari yenye uzito wa Dunia 95 haiwezi kupunguza mwendo kiasi hicho katika miongo miwili na ushei. Tena ikabainika kwamba mapigo ya kaskazini na ya kusini hayalingani, na yote hubadilika.

Mwaka 2019, watafiti waliosoma viwimbi ndani ya pete, vinavyosababishwa na mtikisiko wa sayari yenyewe, walipata saa 10, dakika 33 na sekunde 38. Naamini mapigo ya redio hayakupoteza thamani kwa hilo, kwa kuwa yanatuonyesha jinsi plazima inavyobaki nyuma ya sayari inayoizungusha.