Kamera za ghala la Kasulu: nilivyopita kwenye masharti ya pesa ya Marekani

Mwakeye ndugu zangu. Naandika hii kwa sababu wiki iliyopita kijana mmoja wa hapa Mwanga, Kigoma, kanipigia sauti inatetemeka, kapata kazi ya shirika, kamera kashanunua, kaambiwa hazipokelewi, na fundi aliyemshauri kamwambia "wazungu wamekataa vitu vya China". Sio kweli jamani. Na mimi niliambiwa hivyo hivyo 2022 na ushauri ule ulinila hela, ndo maana unaniudhi mpaka leo.

Kazi yangu ilikuwa Kasulu, ghala la shirika linalohudumia wakimbizi wa Nyarugusu. Kamera nane, rekoda yake, swichi, ruta na redio za upepo sita za madereva. Profoma ikapita, nikaanza kupiga mahesabu ya faida, afu dada wa manunuzi akanipigia, "Kaka, kuna fomu ya kusaini kwanza." Fomu inasema natamka kwamba hakuna kifaa cha Huawei, ZTE, Hytera, Hikvision wala Dahua, wala cha kampuni zao tanzu. Nikaangalia profoma yangu, karibu yote ilikuwa majina hayo hayo, maana ndo vitu tunafunga kila siku na vinapiga kazi.

Dada akanielewesha kwa subira, namshukuru sana. Marekani walipitisha sheria Agosti 2018, kifungu cha 889, serikali yao isinunue vifaa vya hayo makampuni matano ya China kwa hofu ya ujasusi, na kuanzia tarehe 13 Agosti 2020 ikagusa mpaka pesa za ruzuku, yani hata shirika lililoko Kasulu likipewa pesa ile limefungwa. Hofu yenyewe ni kwamba China ina sheria ya ujasusi ya 2017 inayotaka makampuni yao yashirikiane na serikali ikihitaji. Makampuni yanakana kwamba yanapeleleza mtu. Ila ukaguzi haubishani na wewe, ukikutwa umenunua, gharama inakataliwa na shirika linairudisha mfukoni mwake. Na mfuko wenyewe ndo ule wa kuhudumia wakimbizi, hapo nikaona hili jambo sio la kuchezea.

Sasa ushauri nilioletewa! Mmoja kasema bandua nembo upulizie rangi. Mwingine akaja na ubishi wa kisheria, kwamba Hytera, Hikvision na Dahua wamebanwa pale tu kifaa kinapotumika kwa usalama wa umma, majengo ya serikali, miundombinu muhimu na usalama wa taifa, kwa hiyo ghala la unga halimo. Hilo la pili kweli limeandikwa, nililisoma mwenyewe, lakini dada wa manunuzi akaniambia shirika lao haliingii kwenye ubishi huo, hawataki kabisa. Wa tatu ndo huyo wa "epuka China, chukua za Ulaya".

Nikamsikiliza wa tatu. Nikaagiza Kariakoo kamera nane zenye jina la Kizungu ambalo sijawahi kulisikia, muuzaji ananiambia "Bosi, hizi Ulaya tupu". Kama milioni moja na nusu hivi pamoja na nauli ya basi. Mzigo umefika nimeufungua usiku, na kuna kitu kikanigusa, ule ukurasa wa kuingilia kwenye kamera nikawa naujua! Vitufe vilevile, mpangilio uleule, wamebadilisha rangi tu. Usingizi ukaisha.

Hapo ndo nikakumbuka namba ya MAC. Kila kifaa cha mtandao kina hiyo namba, herufi na tarakimu 12, na zile 6 za mwanzo IEEE, shirika la kimataifa la wahandisi, linampa mtengenezaji, zinaonyesha ni nani. Nikachomeka kamera kwenye laptopu, nikaipingi, yani nikaiita kwenye mtandao ijibu, nikaandika arp -a, amri inayoonyesha namba za MAC, nikachukua zile sita nikazitafuta mtandaoni. Jina lililotoka ni mojawapo ya yale matano. Nikarudia na kamera ya pili, ya tatu, zote nane. Bado nikajiambia labda ni kipande cha ndani tu, maana namba peke yake inaweza kukupoteza, nikachukua bisibisi nikafungua moja. Kwenye bodi kuna chip imeandikwa Hi3516. Hiyo ni HiSilicon, kampuni tanzu ya Huawei. Saa nane usiku nimekaa sakafuni na kamera iliyofumuliwa, na moyoni nashukuru Mungu sijasaini ile fomu.

Muuzaji akagoma kurudisha, eti maboksi yashafunguliwa.

Mara ya pili nikabadili mwendo. Kabla sijatuma hata shilingi, nikamwambia muuzaji wa duka lingine anipigie picha stika iliyo kwenye kamera yenyewe, sio ya kwenye boksi, anitumie WhatsApp. Nipo zangu Kigoma nakagua zile tarakimu sita, ikikubali natuma hela. Wawili walikataa kunitumia picha, nikawaacha. Nikapata kamera za Hanwha za Korea Kusini, redio za Motorola, ruta ya MikroTik ya Latvia. Bei karibu mara mbili, nikarudi kwa dada na profoma mpya na akanielewa. Swichi nilifunga TP-Link, kampuni iliyoanzia Shenzhen, na ilipita bila swali, kwa sababu fomu imetaja makampuni, haijataja nchi. Mwambieni hivyo yule fundi.

Kufunga ilikuwa siku mbili. Nilipokabidhi nikaambatanisha orodha ya namba za MAC zote na picha zake, hakuna aliyeniomba, lakini mkaguzi alipokuja miezi baadaye dada kaniambia alishika ile karatasi akafunga faili.

Zile nane za mwanzo nilimuuzia mzee mmoja wa duka la vifaa vya ujenzi Ujiji, nikamweleza kila kitu. Pesa ni yake, sheria ile haimhusu, na mpaka sasa zinarekodi.