Siku moja maishani mwangu: kutu imeingia kwa saumu zangu, Njoro

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Baridi ya Julai huku Njoro, Kenya, inauma hadi mifupa, nimevaa sweta mbili na gambuti, chai bado iko jikoni lakini lazima kwanza nipite shambani nione majani. Shamba lenyewe ni kipande tu nyuma ya nyumba, saumu matuta sita, liki matuta matatu, na vitunguu vya majani kidogo kando ya tanki. Juzi niliona vidoa vyeupe kwa saumu nikadhani ni wadudu, leo nimepitisha kidole kwa jani kikatoka na unga wa rangi ya chungwa kama bizari. Jamani, hiyo ni kutu, ugonjwa wa majani unaoletwa na kuvu. Nilisimama hapo hadi vidole vikafa ganzi, hizo saumu nimezipanda mwisho wa Machi na nimezipalilia kwa mkono wangu.

Saa moja. Uji, sare, watoto shule.

Saa tatu. Umande umekauka, sasa naingia. Naanza na matuta ya liki ambayo bado ni safi, yenye ugonjwa yanakuja mwisho, kwa sababu ule unga unashika nguo na mikono halafu unautembeza mwenyewe shamba nzima. Natoa tu majani yaliyojaa kabisa, mengine naacha, maana jani ndilo linalolisha kitunguu kule chini na ukinyoa yote utavuna saumu ndogo kama vidole. Ya kutupa yanaingia kwa gunia, yatachomwa, sio kwa lundo la mboji.

Shosho wa jirani amekuja kwa ua akaangalia akatikisa kichwa. "Mami, hiyo ni ngano ya huyo mtu wa huko juu imekuletea." Nimemwelewa, hapa kwetu ukisema kutu kila mtu anawaza ngano, hapa hapa Njoro KALRO, wale watafiti wa kilimo wa serikali, wanapima ngano za nchi nyingi kama zinastahimili ile kutu ya ngano inayoitwa Ug99 iliyoonekana Uganda 1998. Lakini nimemwambia, "Hapana shosho, hizi ni ndugu tu lakini kila moja na chakula chake. Ya ngano haigusi saumu, na hii yangu haigusi ngano." Hii inaitwa Puccinia allii, inakula jamii ya vitunguu, saumu ndio inaumia sana, liki pia. Inaishi kwa mmea ulio hai na upepo ndio unaibeba, kwa hivyo zile saumu za msimu uliopita zilizojiotea karibu na choo, ambazo mimi nilikuwa naziona kama zawadi, nimezing'oa zote leo.

Saa tano na nusu. Boda hadi agrovet, duka la dawa na mbolea. Kijana ameangalia picha kwa simu akaniuliza, "Mama, uliweka mbolea ya CAN mara ngapi?" Mara mbili, na ya pili niliiweka tu ili majani yapendeze. Akasema nitrojeni ya hiyo mbolea ikizidi jani linakuwa laini na kutu inaingia vizuri sana. Alitaka kuniuzia dawa ya kila kitu, nikamwambia tusome kwanza hapo kwa lebo siku za kungoja kabla ya kuvuna, saumu zangu zimebakisha kama wiki tatu na hizi ni za kula na watoto. Nikanunua ya kukinga liki peke yake, hizo bado ni changa.

Saa nane. Nimechimba saumu tatu nione. Ndogo kuliko za mwaka jana, hilo linaniuma, lakini ndani ni nyeupe safi, kutu inakaa kwa majani haishuki kwa kitunguu. Moja nimeiponda kwa maharagwe. Shosho alikuwa ashaniambia nizitupe zote! Tafadhali usitupe, zinalika.

Saa kumi. Upepo umetulia, nimevaa glavu na barakoa, nimepiga liki dawa.

Saa kumi na mbili jioni. Huu ndio wakati tumezoea kufungua mpira wa maji na kunyunyizia majani, na nina hakika hapa ndipo tulipoharibu. Hii kuvu ikipata ubaridi wa nyuzi 10 hadi 15 na jani likae na maji kama masaa manne hivi, imeshaingia, sasa ukimwagilia jioni Njoro jani linalala limelowa usiku kucha, umande nao unaongezea. Baba watoto ametoka kazini akaenda moja kwa moja kwa mfereji, nikapiga nduru kutoka jikoni, "Usifungue!" Nimemweleza tutakuwa tunamwagilia saa tatu asubuhi, chini kwa shina, na hayo matuta baada ya kuvuna yataenda maharagwe, miaka mitatu bila kitunguu cha aina yoyote. Ameuliza sasa saumu tutapanda wapi, nikamwonyesha pale mbele tulipoweka maua. Amenyamaza, maua ni yake.