Kiti cha bosi kaa nacho wewe

Ukimwambia mtu mgongo unakuuma kwa sababu unafanyia kazi nyumbani, jibu analo tayari mdomoni: "Nunua kiti cha bosi." Yaani lile dude jeusi la ngozi bandia, limefura kila upande, egemeo limepanda mpaka kisogoni. Mimi hata sikulinunua. Shemeji aliniazima lake, akalishusha hapa Tabata kwa mbwembwe zote, akaniambia, "Shem, hapa utasahau kitanda."

Kazi yangu ni kunukuu mahojiano. Watafiti wananitumia sauti, navaa hedifoni, naandika neno kwa neno hadi vikohozi. Ni kazi ya makalio kuliko ya mikono. Na mimi ni mfupi. Kikalio cha lile dude kilikuwa na kina cha sentimita 53, wakati mimi kutoka makalioni hadi nyuma ya goti ni 45. Nikiegemea, miguu inaning'inia hewani. Nikitaka miguu ifike chini, nakaa ukingoni na egemeo lote la kifahari linabaki nyuma huko likiegemewa na hewa. Hapo sijagusa habari ya joto. Februari, Dar es Salaam, umeme umekatika, feni imesimama: ngozi bandia inakung'ang'ania mapajani hata kuinuka ni shughuli. Na ilikuwa imeanza kubanduka, kila nikifagia nazoa magamba meusi. Nililirudisha kwa adabu, nikasingizia nafasi ndogo.

Hakuna anayekwambia kwamba viti vina saizi. Kampuni ya Marekani ya Herman Miller ilipotoa kiti chake cha Aeron mwaka 1994 ilikitengeneza kwa saizi tatu, A, B na C, kama viatu. Madukani kwetu unaulizwa unataka cha bei gani na rangi gani. Kwa hiyo nilichukua futi ya fundi cherehani nikajipima mwenyewe nyumbani. Kwanza kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti nikiwa na kandambili: 42. Pili kina, ile 45, halafu unapunguza vidole vitatu ili ukingo wa kiti usikubane nyuma ya goti, maana pale ndipo ganzi ya miguu inapoanzia. Tatu, kutoka kwenye kikalio hadi kiwiko kilichokunjwa. Hicho cha tatu ndicho kinachokwambia meza yako inakufaa au inakudanganya.

Kariakoo nilizunguka sana. Viti vipya vya wavu vipo tele, laki na ushee hadi laki mbili na kitu, na kwa joto letu wavu ni jibu sahihi, hilo sibishani na mtu. Shida ni sponji ya kikalio. Wauzaji wanapenda uibonyeze kwa kiganja, useme "aa, laini!" Laini ni ya kupokelea wageni. Bonyeza kwa dole gumba kwa nguvu; ukigusa ubao wa chini, baada ya miezi michache utakuwa umekalia ubao. Mbinu yangu nyingine iliwaudhi wengi: nilikwenda na laptopu, nikikaa naifungua mapajani naandika kweli. Kijana mmoja akaniuliza, "Dada, unanunua au umekuja ofisini?" Nikamwambia anivumilie, dakika kumi za kwanza kila kiti ni kizuri. Usikubali kupimwa kwa kukaa na kuinuka.

Nilichokipata kilikuwa kwenye godauni la fanicha za mtumba, upande wa barabara ya Nyerere. Vilirundikwa hadi darini, viti vya maofisi ya Ulaya. Cha wavu, miguu mitano (ya minne achana nayo, ukijinyoosha pembeni kinakupindua), kikalio kinasogea mbele na nyuma kwa kitasa, kwa hiyo kina nilikishusha hadi kama 40. Nilikaa, nikaegemea, mgongo ukapokewa pale pale kiunoni. Kisha polepole, bila kelele, nikaanza kuzama.

Gesi imekufa. Kile kichuma cha katikati, ambacho mafundi wanakiita shokapu, ndani yake kuna gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa. Mpira wa kuizuia ukichakaa, gesi inavuja na kiti hakikai juu tena. Muuzaji alijua, ndiyo maana kilikuwa pembeni. Nikakunja uso, nikasema basi. Akashusha. Nikaenda zangu hadi mlangoni, akashusha tena. Nilikichukua kwa bei ambayo huku kwetu unapata viti vitatu vya plastiki na chenji ya soda, bajaji nimelipa mimi.

Mpango wangu ulikuwa huu: kiti nakalia mimi peke yangu, kimo changu hakiongezeki wala hakipungui, kwa hiyo kupanda na kushuka kwa nini? Nahitaji kisimame mahali pamoja tu.

Video za mtandaoni zinakwambia ufunge klipu ya mpira wa maji kwenye kile kichuma chembamba kinachong'aa, ukaze kwa bisibisi, kazi imekwisha. Nikafunga. Nikakaza hadi kiganja kikachubuka. Mchana wake nilikuwa na mahojiano ya mzee mmoja akieleza habari za mbegu, mzee hana haraka, na kila alipovuta pumzi mimi nilikuwa nimeshuka kidogo. Alipofika kwenye mbolea, kidevu changu kilikuwa kinakaribia kibodi. Kichuma kile ni laini na kina grisi. Klipu inateleza tu. Fundi wa kuchomelea wa mtaani alikuwa na lake: "Lete, nichomelee hapo, hakishuki tena." Jamani, msithubutu. Lile ni bomba lililozibwa, bado lina mgandamizo hata kama kiti kinazama, na moto juu yake linaweza kupasuka. Wala usilitoboe kuona kilichomo.

Dawa ilikuwa kipande cha bomba la PVC, yale meupe ya maji, ambacho jirani mjenzi alinipa bure. Chagua linalovaa kile kichuma chembamba lakini lisilopita kwenye silinda nene ya chini, ili likae juu ya ukingo wake. Unabonyeza kitasa, unavuta kiti kwa mkono hadi kimo chako, unashusha lile koti la plastiki linaloficha kichuma, unapima sehemu iliyo wazi. Unakata bomba urefu huo huo, na hapa usiharakishe, mkato ukienda upande kiti kitakaa upande. Kisha unalipasua ubavu mmoja kwa msumeno wa chuma, kutoka juu hadi chini, unalipanua na kulibana kwenye kichuma. Langu liligoma, nikalichovya kwenye maji ya moto likalegea. Likaingia kwa mlio wa "tap!" Nikarudisha koti, hata huoni kitu. Hakijashuka hata nywele.

Kilichobaki ni meza. Ilikuwa ya kulia chakula, 76, na kwa hesabu yangu viwiko vilihitaji 65. Wengine huinua kiti na kuweka kigoda chini ya miguu. Inafaa kama meza si yako. Yangu ni yangu. Seremala wa Keko aliyeitengeneza alinitazama kama nimemtukana nilipomwambia apunguze miguu. "Mama, hii ni mninga!" Alipunguza, huku akiguna. Skrini nimeipandisha juu ya kreti ya soda, kibodi ya pembeni, basi.

Mikono ya kiti niliing'oa, ilikuwa inagonga meza na kunizuia kusogea. Boliti chache tu. Kinachonisumbua sasa ni magurudumu. Yalikuwa ya plastiki ngumu, ya kwenye zulia, juu ya marumaru yanakimbia ovyo. Nimeweka ya mpira laini, kishina chake cha milimita 11 ndicho kinachoingia kwenye viti vingi, mradi uende na la zamani mkononi ulinganishe. Ila kila nikifumua rasta yanazoa nywele zote, inabidi nipindue kiti na mkasi.