Virtual XI ya Iron Maiden: Lawama Zilimwangukia Asiyestahili

Mashabiki wa Iron Maiden, bendi ya Uingereza ya muziki wa heavy metal, wanapozipanga albamu za bendi hiyo kwa ubora, Virtual XI ya mwaka 1998 huishia mkiani, na anayebebeshwa lawama karibu kila mara ni Blaze Bayley, mwimbaji aliyetoka kundi la Wolfsbane kuchukua nafasi ya Bruce Dickinson. Kwamba albamu hii ni dhaifu, nakubali. Kwamba Bayley ndiye aliyeidhoofisha, nakataa.

Uchukuliwe wimbo unaoielemea kuliko nyingine zote, "The Angel and the Gambler". Una takriban dakika kumi, ilhali mawazo yaliyomo yangetoshea katika dakika nne. Kiitikio chake kinarudiwa, kinarudiwa tena, kisha kinaendelea kurudiwa hadi msikilizaji anasahau kwamba wimbo huo ulikuwa na beti. Hakuna sauti ambayo ingeuokoa. Mtunzi wake ni Steve Harris, mpiga besi na kiongozi wa bendi, ambaye pia aliitayarisha albamu nzima akishirikiana na Nigel Green katika studio yake mwenyewe huko Essex, na naamini kwamba mtayarishaji wa nje, asiye na wimbo wake wa kuutetea, angeukata bila kusita. Mtayarishaji wa namna hiyo pengine angeyapa uzito pia magitaa ya Dave Murray na Janick Gers, ambayo humu yanasikika makavu na ya mbali.

Bayley ana sauti nzito ya chini, na jukwaani alilazimika kuzipandia nyimbo za zamani zilizotungiwa koo la Dickinson. Alipotungiwa kinachomfaa, mambo yalikuwa tofauti. Katika "Como Estais Amigos", aliyoitunga pamoja na Gers kuhusu vita vya Falklands vya mwaka 1982 kati ya Uingereza na Argentina, anaimba taratibu, kwa huzuni ya kweli, bila kusukumwa juu kuliko uwezo wake.

Kisha kuna "The Clansman", wimbo wa Harris wa dakika tisa kuhusu uhuru wa Waskoti. Humu urefu una sababu: besi inaanza kwa utulivu, magitaa yanajiunga, na kilio cha uhuru kinapofika kimekwisha kuandaliwa njia. Dickinson, aliyerejea mwaka 1999 pamoja na mpiga gitaa Adrian Smith, aliendelea kuuimba, ukiwemo usiku ule wa Rio de Janeiro mwaka 2001 uliorekodiwa kuwa albamu. Wapo wanaosema kwamba ni yeye aliyeufanya uwe mkubwa. Bila shaka anauimba kwa nguvu zaidi, lakini Bayley anauimba kama mtu aliyekwisha kushindwa mara nyingi na bado hajasalimu amri, jambo linalowafaa zaidi watu wanaosimuliwa.

Ningemshauri anayeiendea albamu hii kwa mara ya kwanza asikilize nyimbo hizo mbili, aongeze "Futureal", ambayo haifiki hata dakika tatu na haina sekunde ya ziada, ndipo atoe hukumu juu ya mwimbaji.