Kalenda ya siku za Afrika: safu moja ya tarehe haikutosha

Mwezi wa tatu wa mradi. Nilidhani kazi ngumu ingekuwa kutafuta matukio: siku 366, na kila siku ipate jambo moja au mawili kutoka historia ya Afrika na ya watu wenye asili ya Afrika popote walipo. Matukio yapo tele. Kinachonichelewesha ni safu ya pili ya lahajedwali langu, ile niliyoipa jina la "tarehe" bila kuitafakari.

Adwa, mji wa Ethiopia, ndiyo iliyonikwamisha kwanza. Jeshi la Mfalme Menelik II liliwashinda Waitalia pale tarehe 1 Machi 1896, nami nikaandika hivyo. Kumbe Waethiopia huadhimisha ushindi huo tarehe 2 Machi. Jioni nzima nilimtafuta aliyekosea, nisimwone. Kwa kalenda ya Ethiopia vita vilipiganwa Yekatit 23, 1888, na Yekatit 23 ndiyo inayoadhimishwa mpaka leo. Mwaka 1896 siku hiyo iliangukia 1 Machi. Kisha ukaja mwaka 1900. Kalenda ya Gregori iliunyima siku ya 29 Februari, kwa kuwa mwaka wa kufunga karne haupewi siku hiyo isipokuwa ukigawanyika kwa 400. Kalenda ya Ethiopia haina kanuni hiyo. Huongeza siku kila mwaka wa nne bila kukosa. Tangu hapo Yekatit 23 huangukia 2 Machi, na mwaka 2100 itahamia 3 Machi. Waethiopia wako palepale walipokuwa, na kalenda ninayoitumia mimi ndiyo inayosogea. Sijawahi kufurahia hesabu kiasi hiki.

Basi safu ikagawanyika: "siku ya tukio" na "siku ya kuadhimisha".

Wiki mbili baadaye nikahitaji ya tatu, "habari ilipofika". Rais Lincoln wa Marekani alitangaza uhuru wa watumwa wa majimbo yaliyoasi tarehe 1 Januari 1863, ila jeshi la Muungano, yaani la serikali ya Lincoln, lilipoutangaza Galveston, Texas, ilikuwa 19 Juni 1865. Safu hiyohiyo imembeba von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki: Vita Kuu ya Kwanza ilisimamishwa Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, yeye akasalimisha silaha Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba. Tukio hilo nimeliandika kwa ajili ya askari na wapagazi Waafrika waliokuwa naye, na jina la jenerali nimelitia mwishoni.

Brazili haikuwa suala la hesabu. Sheria ya kufuta utumwa ilitiwa saini na Binti Mfalme Isabel tarehe 13 Mei 1888. Wabrazili weusi walichagua siku nyingine, 20 Novemba, alipouawa Zumbi wa Palmares mwaka 1695, kiongozi wa makazi ya watu waliojikomboa wenyewe. Zote mbili zimo, ila maelezo marefu nimempa Zumbi, na sitaki kujifanya sina upande.

Agosti imejaa mno. Tarehe 27 peke yake ina mwaka 1896, manowari za Uingereza zilipolipiga jumba la Sultani wa Zanzibar kwa muda usiofika saa moja, na mwaka 1963, W. E. B. Du Bois, msomi Mmarekani mweusi na mtetezi wa umoja wa Afrika, alipofariki Accra akiwa na miaka 95. Siku iliyofuata, kwenye maandamano ya haki za kiraia ya Washington, Roy Wilkins, mmoja wa viongozi wake, aliwatangazia umati kifo hicho. Nimeziunganisha 27 na 28 ili msomaji azisome kwa mfululizo. Kuna siku za Septemba bado nyeupe kabisa.

Sasa niko Februari. Frederick Douglass, mpiganaji wa kufutwa kwa utumwa Marekani, alizaliwa utumwani Maryland, na siku yake ya kuzaliwa hakuijua maisha yake yote. Alijichagulia 14 Februari. Safu ya kuadhimisha nimeijaza mara moja. Safu ya kwanza ilinishinda: kwa kanuni niliyoiweka mwenyewe, kisanduku kikiwa kitupu hugeuka chekundu kama kosa. Nilijaribu alama ya kuuliza, nikaifuta. Nimeiondoa ile kanuni, na kisanduku chake kimebaki cheupe.